Vidole vya Bonge

Chumba cha plasta kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya magongo, na kwa miaka ishirini na miwili kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe huyo alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, ambaye akina mama walimwita Bi Chokaa kwa sababu ya vumbi jeupe lililomkaa kwenye nyusi. Aliingia hospitalini akiwa mfagiaji. Siku moja mtu wa plasta wa zamani alikosa msaidizi, akamwambia aweke ufagio chini amshikie mguu wa mtoto, na tangu siku ile ufagio haukumpata tena.

Kazi yake kubwa ilikuwa mguu kifundo, yaani watoto waliozaliwa nyayo zimegeukia ndani, kana kwamba miguu inasalimiana. Watu hudhani ni kisu kinachonyoosha mguu kama huo. Kisu, Bi Chokaa angekwambia kama ungemuuliza, na hakuna aliyemuuliza, ni dakika tano za mwisho: daktari anakata kano juu ya kisigino, tobo dogo kama punje ya mtama, kisigino kinashuka, basi. Kabla ya hapo kuna Jumatatu tano au sita za plasta. Kila Jumatatu mguu unasukumwa kidogo kwa kidole gumba, unafungwa kuanzia vidoleni hadi pajani, unaachwa wiki nzima uzoee. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na kidole gumba.

Kisha akaja msichana mwenye cheti. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye daftari dogo mfukoni, na kila kitu alikiandika. Bi Chokaa alimpa jina moyoni siku ya kwanza: Cheti. Na ubaya wa Cheti ni kwamba hakuwa na ubaya. Alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, Mama," akainua ndoo za maji bila kuombwa. Watoto waliokuwa wakipiga mayowe mikononi mwa Bi Chokaa walinyamaza wakichukuliwa na yule, wakabaki wanamkodolea macho kama waliomwona mtu wa kwao.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa neno moja. Jumatatu fulani Daktari, mpasuaji wa mifupa ya watoto, aliinamia mguu uliokuwa mezani, akamgeukia Cheti na kumuuliza, "Unaonaje?"

"Unaonaje!" Bi Chokaa alimwambia wifi yake jioni ile wakipiga pasi nguo. "Mtoto wa juzi anaulizwa anaonaje."

"Kwani wewe huulizwa nini?"

"Mimi huulizwa kama maji yamepata moto."

Wifi akacheka mpaka akaangusha nguo aliyokuwa akiikunja. "Wifi yangu, sema tu una kijicho. Ukisema utapumua."

"Kijicho cha nini? Kwani ni mke mwenzangu?"

"Basi angalia hilo shati, unalichoma."

Mwezi uliofuata Daktari akatangaza kwamba wanafunzi wa udaktari watakuja Jumatatu, baada ya wiki mbili, kutazama kano ikikatwa. Mtoto atakuwa Bonge, na mmoja kati ya wanawake wawili wa chumba cha plasta atashika mguu na kufunga plasta ya mwisho mbele ya wageni. "Nitaona nani," alisema. Bi Chokaa hakulala vizuri siku tatu. Alikuwa hajawahi kutazamwa na mtu akifanya kazi, isipokuwa akina mama, na wao hutazama mtoto.

Bonge alikuwa na miezi mitano, mashavu kama maandazi, na mguu mmoja mfupi, mnene, wenye mkunjo mzito kukatiza unyayo. Miguu ya namna ile Bi Chokaa aliona mitatu hivi kwa mwaka, na aliijua tabia yake. Ukilikunja goti kama la mtu aliyekaa kitini, ilivyo kwa watoto wengine, mguu mnene hutoka polepole ndani ya plasta kama unavyotoka kwenye buti la mvua. Lazima ulikunje zaidi. Plasta nne za Bonge alizifunga yeye, akalikunja goti zaidi kila mara bila kumwambia mtu. Ya tano, wiki moja kabla ya wageni, Daktari akasema, "Leo mwache binti afanye."

Bi Chokaa akashika beseni. Akaona goti la Bonge linakunjwa kama la mtu wa kitini, kimahesabu, sawasawa na kitabu. Cheti akasita, kidole gumba chake kikiwa pale pale panapotakiwa.

"Mama, niko sawa hapa?"

"Wewe ndiye uliyesoma," alijibu Bi Chokaa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila mama akitoka, Bi Chokaa alikuwa na desturi ya kumsimamisha mlangoni. "Hesabu." Mama anahesabu vidole vya mtoto vilivyochungulia mwisho wa plasta, vitano. "Kila asubuhi uhesabu hivyo. Ukikosa hata kucha, rudi siku hiyo hiyo." Siku ile mama Bonge alipopita mlangoni, Bi Chokaa alikuwa amempa mgongo, anasugua beseni lililokwisha takata.

Jumatano alimkuta mama huyo kwenye benchi la kliniki ya macho, amemleta mama mkwe wake. Bonge alikuwa pajani, amelia mpaka sauti imekauka. Bi Chokaa alitazama mguu kabla ya uso. Vidole vitatu vilikuwa vimezama ndani ya plasta. Viwili vilionekana ncha tu, vimevimba, vinang'aa.

"Afadhali nimekuona, Bi Chokaa," mama alisema. "Siku ya pili hii halali, hanyonyi vizuri. Wenzangu wanasema ni meno. Eti ni meno?"

Ilimchukua muda mfupi sana. Aliiona Jumatatu nzima: wageni wamezunguka meza, plasta inafunguliwa, mguu umeharibika, Daktari anamwangalia Cheti.

"Meno hayo," alisema. "Pole, mama."

Akaenda kantini, akaagiza chai, akakaa nayo. Chai ikatanda ngozi juu. Miaka ishirini na miwili aliwakemea akina mama, aliwasimanga, mmoja aliwahi hata kumfukuza chumbani. Kumdanganya hakuwahi. Neno lile "meno" lilikuwa bado mdomoni, halishuki na chai wala haliji juu. Akainuka na kukimbia, yeye ambaye watu walikuwa hawajawahi kumwona akikimbia. Benchi lilikuwa tupu.

Namba za simu za akina mama zilikuwa kwenye daftari la Cheti.

"Nipe namba ya mama Bonge."

"Kuna nini, Mama?"

"Vidole vimezama."

"Umeviona lini?"

Bi Chokaa alitazama saa ukutani ingawa hakuihitaji. "Saa nzima iliyopita."

Cheti alimtazama, akapiga simu.

Mama Bonge aliporudi, walilowesha plasta kwenye maji ya vuguvugu na kuifungua pamoja, kila mmoja upande wake. Juu ya kisigino kulikuwa na kidonda kikubwa kama kifungo cha koti, na mguu ulikuwa umevimba. Daktari akaitwa. Akasema kano haikatwi Jumatatu. Wiki mbili mguu upumzike, kidonda kipone, plasta ianze upya.

"Hii ilifungwa na nani? Miguu ni mingi, sikumbuki."

"Mimi," alisema Cheti, kama mtu anayetaja umri wake.

Hapo ndipo wivu ulipomuuma Bi Chokaa kuliko siku zote. Cheti cha karatasi na daftari vingeweza kwenda zao. Alichotamani ni wepesi ule wa kusema *mimi*.

"Nami nilikuwa nimeshika beseni," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Niliona goti, nikanyamaza. Akaniuliza, nikamkejeli. Na leo mama huyu ameniuliza, nikamwambia ni meno."

Mama Bonge hakumtukana. Alimwinua tu mtoto na kumhamishia upande wa pili, mbali na Bi Chokaa.

Wageni walikuja Jumatatu, wakatazama mguu wa mtoto mwingine, na aliyeushika ni Cheti. Daktari alimwachia Bi Chokaa beseni.

Kidonda kilipopona, mama Bonge alirudi kwa sharti moja: yule mwingine asimguse mwanawe. Kwa hiyo Bi Chokaa alisimama hatua mbili kutoka mezani, mikono kwenye maji, vidole gumba vyake vikimwasha kwa kukosa kazi.

Cheti alilikunja goti, akasimama. "Mama, unaonaje?"

Neno alilolingoja lilikuwa limekuja, na limekuja kutoka kwa mtu ambaye hakutaka kulipokea kwake. Lilimchoma palepale.

"Kunja zaidi," alisema. "Zaidi. Usiogope, ana nyama. Zaidi tena. Hapo."

Cheti hakutoa daftari, mikono yake ilikuwa imejaa. Plasta ilipokauka, alimsindikiza mama mpaka mlangoni.

"Hesabu," alisema.

Mama akahesabu kwa sauti, akimtazama Cheti. Nyuma yao, penye beseni, Bi Chokaa alikuwa ameshafika tano.