Mkaguzi wa Maziwa na Bastola ya Maren

Verlin Haupt hakuwahi kunywa maziwa bila kuyanusa kwanza, hata yale ya kwenye friji yake mwenyewe. Miaka thelathini na minne alizunguka mashamba ya jimbo la Wisconsin, Marekani, akiwa mkaguzi wa maziwa, akichovya kijiko chake kwenye matangi ya watu, akitafuta maji, uchafu na uongo. Na uongo aliupata, msidhani hakuupata. Lakini kazi ile ilimwingia mwilini, na alipostaafu ikakataa kutoka. Fundi bomba akija, Verlin anasimama nyuma yake. Mchungaji akitangaza idadi ya waumini, Verlin anageuka na kuwahesabu. Marehemu mkewe, Arlys, alikuwa akisema, "Huyu mwanaume akifika mbinguni atamdai Petro kitambulisho." Arlys alifariki majani yalipoanza kupukutika kabla ya majira ya baridi, na nyumba ikabaki kimya.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetakiwa kumchagulia mjukuu wake bastola. Hebu fikiria.

Mjukuu mwenyewe aliitwa Maren, miaka kumi na minne, si msemaji, na mkono wake ulitulia kama bakuli mezani. Aliishi na wazazi wake nyumba ya pili, ila chakula cha jioni alikula kwa babu. Alikuwa mlenga shabaha wa klabu ya vijana, akitumia bastola ya zamani ya risasi ndogo aliyonunuliwa na babu miaka miwili nyuma. Ilikaa kwenye kabati la chuma la Verlin, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Verlin. Sasa bastola ile ilikuwa imeanza ukorofi. Risasi inatoka, ganda linang'ang'ania ndani. Mashindano mawili mfululizo Maren alibaki akichokonoa ganda kwa kucha huku wenzake wakimaliza. Jumamosi kocha angechagua vijana wanne wa kwenda mashindano ya jimbo, na alishamwambia waziwazi: "Ukija tena na bastola inayogoma nitakuacha, mwanangu. Itaniuma, lakini nitakuacha."

Basi Jumatano wakaenda dukani kwa Norbert Zielke. Norbert ndiye aliyewauzia ile mbovu. Na tena, Norbert alikuwa mtoto wa yule mzee Zielke ambaye Verlin, zamani hizo, alimmwagia chini tangi zima la maziwa mbele ya wanawe. Verlin alikuwa ameshaunganisha mambo njia nzima, usukani mkononi: mtoto amelipa kisasi cha baba. Duka la bunduki lilikuwa hilo tu mjini, la sivyo asingekanyaga.

"Karibu, Bwana Mkaguzi," Norbert akasema. "Leo umekuja kunusa nini?"

"Nimekuja kununua. Kunusa ni juu yangu."

Norbert akaweka juu ya kaunta bastola fupi, nyepesi. "Kwa mkono wa binti, labda hii."

"Mbona umeikimbilia hiyo? Imekaa hapa tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

"Jumatatu ipi?"

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Verlin aliamini hivyo, na kitu chochote ambacho Norbert alikigusa kwanza kilikuwa kibaya. Maren akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa ile kubwa iliyokuwa rafuni, yenye mtutu mrefu.

"Na mimi naona hivyo," Norbert akasema.

"Mbona umekubali haraka hivyo?" Verlin akauliza.

"Mzee, nikibisha unanishuku, nikikubali unanishuku. Nifanyeje, nilie?"

Akazifungua zote mbili, akawaonyesha kuwa ni tupu, akampa binti moja moja anyooshe mkono kuelekea ukutani. Ile fupi ilicheza, kilengeo chake kikawa kinatangatanga. Ile kubwa, kwa uzito wake wa mbele, ikatulia. Mpini wake ulikuwa mwembamba, na ncha ya kidole cha Maren ikakaa katikati ya triga bila kujinyoosha. Verlin aliliona hilo kwa macho yake mwenyewe, na likamuudhi, maana alikuwa amejiandaa kukataa.

"Hata ile uliyoniuzia iling'aa hivi hivi," akasema. Akaitoa ile mbovu kwenye mkoba wake, akaiweka juu ya kaunta pamoja na kioo chake cha kukuzia na daftari lake la kazini. "Ng'ombe mgonjwa huwezi kumjua kwa manyoya. Haya, nieleze ulichonifanyia."

Norbert akahakikisha kwamba ni tupu, akachukua kijiti cha pamba cha kusafishia masikio, akakipitisha taratibu kwenye mdomo wa tundu ambamo risasi hukaa. Kilipotoka, pamba ilikuwa imechanika nyuzi.

"Kuna kitu kinakwaruza. Tazama. Tumia kioo chako, usije ukasema changu kimerogwa."

Verlin akatazama. Ukingoni mwa tundu palikuwa na kibonyeo kidogo, na chuma kilikuwa kimevimba kuelekea ndani. Hapo ndipo ganda lilipokuwa likikwama.

"Risasi hizi ndogo hugongwa pembeni, si katikati," Norbert akasema. "Ukivuta triga na ndani hamna risasi, pini ya kugongea inapiga ukingo wa chuma. Mara moja mbili si neno. Hii imegongwa maelfu. Za siku hizi nyingi pini haifiki pale, lakini hii ya zamani inafika."

"Uliigonga wewe kabla hujaniuzia!"

"Mzee Verlin, siku ile ulilikagua tundu hili dakika arobaini. Mke wangu alikuletea kiti. Fungua hilo daftari."

Verlin akalifungua. Mwandiko ulikuwa wake, hauna shaka: *Tundu safi. Ukingo safi.* Masikio yakamwaka moto. Akamgeukia mjukuu wake, na lo, macho ya mzee yalikuwa yale yale ya ukaguzi shambani.

"Nani ulimpa bastola hii, Maren?"

"Sijampa mtu, babu."

"Basi nani alikuambia uifyatue tupu?"

Maren akatazama viatu vyake. "Hakuna. Nilijianzishia mwenyewe."

Uongo. Verlin aliusikia hapo hapo. Sauti ilipanda kidogo mwishoni, kama ya mkulima aliyetia maji usiku. Akafungua mdomo amwambie, halafu akaufunga. Maana ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Bila yeye kabati lile halikufunguka. Na majira yote ya baridi, kila jioni baada ya kula, ni nani aliyekuwa akisukuma sahani pembeni, akahakikisha bastola ni tupu, akaiweka mkononi mwa mtoto na kusema, "Mia moja, mama. Jeshini ndivyo tulivyofanya, na ndiyo maana mkono wangu hautetemeki"? Bastola ya jeshini ilikuwa ya kugonga katikati, haikuwa na ukingo wa kuumia. Yeye hakuuliza. Mtu aliyemuuliza hata mchungaji, hapo hakuuliza.

Uongo wa mtoto ulikuwa umewekwa pale kaunta, bure, yeye auchukue tu waende zao. Na mbele ya nani? Mbele ya Zielke, jamani.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto anadanganya. Nilimfundisha mimi, nikamhesabia mimi."

"Nyani haoni kundule, Bwana Mkaguzi," Norbert akasema, lakini hakucheka. "Baba yangu angetoa ng'ombe mzima kulisikia neno hilo kinywani mwako." Akaivuta ile mbovu upande wake. "Ukingo utanyooshwa, nina kifaa chake, ila si kabla ya Jumamosi. Hii kubwa, pini yake haifiki. Mtoto anaweza kuifyatua tupu mpaka achoke."

"Tunaichukua."

"Huikagui?"

Verlin akatia kioo mfukoni. "Kwa leo nimekagua vya kutosha."

Jumamosi Maren alipiga risasi sitini, na maganda sitini yakaruka nje. Alishika nafasi ya nne, ya mwisho ya kuchaguliwa, na kocha akamkumbatia. Wakiwa njiani kurudi, Verlin akauliza lile lililokuwa likimla tangu Jumatano.

"Ulijua lini kwamba tunaiharibu?"

"Mwezi wa pili. Kocha alitwambia."

"Na ukaendelea kila jioni? Mtoto wewe, ulikuwa unajinyang'anya nafasi yako mwenyewe! Mbona hukuniambia?"

Maren alikuwa akitazama mashamba. "Tangu bibi afariki ulikuwa huongei, babu. Ilikuwa ukihesabu tu ndiyo nasikia sauti yako."

Verlin akaliegesha gari kando ya barabara, akalia, wala hakusingizia vumbi.

Jioni, baada ya kula, akasukuma sahani pembeni. Akafungua kabati, akahakikisha mara mbili kwamba bastola mpya ni tupu, akampa mjukuu wake.

"Una hakika hii haiumii?" Verlin akauliza.

"Norbert kasema haiumii."

"Kama Norbert kasema, sawa," akajibu, akavuta kiti karibu. "Haya, mama. Moja."