Kutoa Bila Kupokea

Desemba ikiingia, hakuna anayetulia tena kwenye kile kiwanda cha halua ya mapera pale mjini Vélez. Sufuria za shaba zinachemka kama kawaida, wanawake wa meza ndefu wanafunga vipande kwa majani mapana ya bijao kama kawaida, lakini kila mtu anamwinda mwenzake. Ni mchezo wa aguinaldo, yaani zawadi za Krismasi. Wawili wanapatana: huyu asijibu akisemeshwa, yule asikutwe hana kijiti mdomoni, mwingine asipokee chochote anachopewa na mpinzani wake. Ukinaswa, mwenzako anapiga kelele "Aguinaldo zangu!" mpaka mtaa wa pili wasikie, nawe unatumikia adhabu atakayoitaka. Mzee Heliodoro, mpishi wa halua, mwaka mmoja alibweka kama mbwa kuuzunguka uwanja wa kanisa, na padri amesimama mlangoni anamtazama.

Edilma Forero wa meza ile ndefu hakuwahi kunaswa. Alicheza aina moja tu, kutoa bila kupokea, na kwake Desemba haikuwa ngumu kuliko Machi, maana hata nje ya mchezo alikuwa hapokei. Ukimletea kahawa, atakwambia uiweke pale, kisha atakwenda kujichemshia yake. Mvua ikinyesha nawe una mwavuli, atakuambia anapenda kulowa. Lakini mgonjwa akipatikana, supu ya kwanza kufika ni ya Edilma, na mzazi akijifungua, wa kufua nepi ni Edilma. Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kupokea hawakusema ni nini, na huenda hilo ndilo lililowashinda.

Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa mtoto, mama yake wa ubatizo, mwanamke mwenye duka, alimpa gauni la sikukuu. Basi kila walipokutana mbele za watu, yule mama alimgeuza huku na huku: "Mnaliona gauni hili? Nimemvika mimi." Masimango hayo yalimwingia mtoto mpaka kwenye mifupa. Alipokuwa mkubwa alijiapiza kwamba hatakuwepo mtu mwenye neno la kusema juu yake, na akaishi hivyo, mwanamke wa peke yake katika nyumba ya peke yake kule mlimani.

Sasa mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, upepo uling'oa mabati ya jiko lake. Alitandika plastiki, akapanga mabeseni chini, akaja kazini kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini nyumba ya mlimani haifichiki, kila mtu mjini aliiona ile plastiki ikipepea. Aliyethubutu kuitaja ni Belarmina, aliyekaa naye meza moja miaka na miaka.

"Dada, kaka yangu ana mabati nyuma ya stoo yake. Yanaota kutu bure."

"Niko sawa."

"Sawa ya wapi? Tangu asubuhi unakohoa."

"Nakohoa kwa raha zangu."

Wanawake wa meza walicheka. Belarmina hakucheka. Aliliweka jani chini.

"Mume wangu alipolazwa uliwapikia wanangu mpaka aliporudi. Nilipokea, Edilma. Niliona haya, lakini nilipokea. Nikitaka kukupa mimi, unanirudishia. Umenifanya mimi ndiye ombaomba, wewe ndiye mtu?"

Edilma aliendelea kufunga. Neno lilikuwa limemchoma, na ukali ndio uliokuwa kinga yake.

"Kama unataka kunipa, tucheze," alisema. "Kutoa bila kupokea, mpaka novena iishe, mkesha wa Krismasi."

"Haya! Nitakunasa."

"Utabweka, bibi wewe."

Belarmina alijaribu kila hila. Alimpa mkasi, akaambiwa auweke mezani. Alimrushia kuku hai dirishani, kuku akatua chini na kukimbilia sufuria, Edilma amekunja mikono. Kiwanda kizima kilikuwa kikicheka, na usiku mshindi huyo alikuwa akilala na matone yakilia kwenye mabeseni.

Siku ya mwisho ya novena, alasiri, mvua imeshaanza, Edilma alisikia vicheko njiani. Alitoka uani. Walikuwa wale wa kiwandani, wanapanda mlima na mabati vichwani, na Mzee Heliodoro nyuma yao na nyundo mkononi, kijiti kinaning'inia mdomoni maana naye alikuwa mchezoni. Mbele kabisa alikuwa Belarmina na bati lake. Alimnyooshea Edilma.

"Shika."

Edilma alirudisha mikono mgongoni.

"Nimelibeba kutoka chini kule, na mimi si msichana," alisema Belarmina huku akihema. "Mikono inaniuma. Shika, au waambie watu hawa kwamba hutaki chetu."

Edilma aliwatazama mmoja mmoja, akilitafuta nyusoni mwao lile neno watakalokuja kumsimanga nalo kesho. Aliona watu waliolowa, basi. Bati lilianza kutetemeka mikononi mwa Belarmina. Edilma alinyoosha mikono akalipokea.

"Aguinaldo zangu!"

Mlima mzima ulisikia. Mzee Heliodoro alishangilia mpaka kijiti kikamdondoka, naye akanaswa papo hapo.

"Abweke!" walipiga kelele. "Edilma abweke!"

"Hapana," alisema Belarmina. "Adhabu yake ni ndogo. Aseme asante, asiongeze neno."

Edilma alicheka. Adhabu gani hiyo?

"Asante, lakini msingejisumbua na mvua hii."

"Umeongeza! Rudia!"

"Asante, nitawapikia tamale nyote kesho."

"Umeongeza! Hatutaki tamale!"

"Asante, ila mabati yenyewe..."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Edilma alifungua mdomo tena. Macho yalimjaa machozi. Vicheko vikapungua, vikaisha, ikabaki mvua tu.

"Asante," alisema, akaufunga mdomo kwa nguvu.

Mzee Heliodoro akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa jiko, akapanda, akainama kuomba bati la kwanza. Ilibidi aombe mara mbili, kwa sababu Edilma alikuwa bado amelikumbatia.