Foronya Niliyoifumua

Mimi nilikuwa na mdomo. Nalisema mapema ili msomaji asinionee huruma kabla ya wakati. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa mchumba wa mtu, na mambo hayo mawili yakikutana kwa msichana mmoja, nyumba nzima haipumui.

Kwetu Kisarawe, zama za Mwingereza, binti hakwenda kwa mume bila foronya mbili zilizodariziwa na mama yake. Wanawake wa upande wa mume walizishika, wakazigeuza, wakatazama mgongo wa kitambaa kuliko uso, ndipo wakatoa neno. Nami sikutaka uzi wa rangi moja kama wa dada zangu. Dukani kwa Mhindi ulikuwa umeingia uzi mpya. Kicha ni kimoja, lakini ukiuvuta unaanza damu ya mzee, unakuwa mwekundu, unafifia hadi waridi iliyopauka, halafu unaiva tena. Niliupenda uzi ule kuliko nilivyompenda mchumba, ambaye kwa kweli nilikuwa sijamwona sawasawa.

"Wa rangi moja unatosha, mwanangu," mama alisema. "Huo una mambo mengi."

Nilinuna siku tatu. Siku ya nne akakubali.

Alidarizi uani, juani, saa ambazo wenzake walitafuta kivuli. Kazi yangu ilikuwa kumchorea maua kwa penseli nyeusi na kila asubuhi kumtungia sindano kumi, kila petali na sindano yake, nikizichomeka kwenye kimto cha pamba. Alidai hiyo inamwokolea muda. Akaniagiza kila uzi niukate penye rangi ya giza, na giza hilo liwe mkiani, mbali na tundu la sindano.

"Mengine niachie mimi," alisema.

Nikaitikia ndiyo mama, akili yangu iko Mlandizi kwa wakwe. Nilikata uzi popote mkasi ulipoangukia, nikatunga ncha yoyote iliyokuwa karibu.

Foronya zilipokamilika, shangazi wawili wa mchumba wangu walikuja kutusalimu, nami kwa kiherehere nikazitandaza mkekani hata kabla sijazitazama vizuri. Petali moja ilikuwa imeiva kwenye moyo wa ua na kupauka ukingoni, kama inavyotakiwa. Jirani yake imepauka moyoni na kuiva ukingoni. Ya tatu ilikuwa na mkanda mweupe katikati kama kidonda kilichofungwa bendeji. Shangazi mmoja akakohoa. Aibu ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama, hii nini? Umeshona umefumba macho? Hata mtoto wa chuoni angeona!"

Mama aliinamisha kichwa. "Mkono umezeeka. Niwieni radhi, jamani."

Haikunitosha. Nilichukua wembe nikaanza kuifumua foronya moja palepale, mbele ya wageni. Na hapa ndipo ninapojilaumu zaidi, kwa sababu kitambaa chenyewe kilikuwa kinaniambia. Kazi ya mzembe hufumuka kwa kuvuta tu. Ile ilinitoa jasho. Mishono ilikuwa imelazwa bega kwa bega, hakuna hata mmoja uliovuka mstari wa penseli, na mgongoni hapakuwa na fundo. Mkono mwangalifu kiasi kile umevurugaje rangi? Swali hilo sikujiuliza. Nilifumua mpaka kikabaki kitambaa cheupe chenye matundu.

Vyombo vyangu vilikwenda Mlandizi na foronya za kununua. Ile ya pili niliisukuma chini kabisa ndani ya sanduku langu.

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama alikuja kunitazama, ameshikwa mkono na dada yangu. Nilidhani ni uchovu wa safari. Akampokea mtoto, akapitisha vidole kwenye paji la uso, puani, midomoni, taratibu.

"Amefanana na nani?" akauliza.

Mtoto alikuwa mapajani pake, mchana kweupe. Nikamtazama mama machoni, nadhani kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nikaona ukungu mweupe umeziba mboni zote mbili. Nililia kama mtu aliyepigwa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla ya posa. Juani nilikuwa naona mistari myeusi. Rangi, hapana."

"Mbona hukusema?"

"Wakwe zako walikuwa wangali wanachunguza ukoo wetu. Wangesikia mama mtu kipofu, wangesema upofu uko kwenye damu. Ungebaki nyumbani, mwanangu."

Kwa hiyo mbele ya wale shangazi alichagua kuitwa mzembe, na aliyemwita hivyo ni mimi.

Kesho yake nikaitoa ile foronya sandukuni, nikaisoma petali kwa petali. Kila petali ilikuwa na idadi ileile ya mishono. Alikuwa akihesabu. Siku nilipoleta uzi alikuwa ameniuliza unafifia baada ya urefu gani, kwa hiyo alijua ni mishono mingapi, na kama kila sindano ingekuwa na giza mkiani, maua yote yangeiva moyoni na kupauka ukingoni. Zile petali chache zilizokaa sawa ni zile ambazo mimi, kwa bahati, nilitunga ncha iliyotakiwa. Mishono ilikuwa ya mama. Mvurugo ulikuwa wangu.

Mama alisikia kitambaa kikichakacha mikononi mwangu, akanyoosha mkono.

"Ndiyo yenyewe? Hebu niambie rangi zake. Sikupata kujua zilikaaje."

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilitaka kumfurahisha, na pia niliogopa. Nikamwambia, moyoni yameiva, mama, ukingoni yamepauka, maua yote. Nikampitisha ua kwa ua, kidole chake juu ya uzi, nikimsifia kila petali. Uso wake ukafunguka. Akacheka kicheko cha msichana, nami nikaufurahia uongo wangu.

Kisha kicheko kikakatika. Akaikunja foronya polepole, akaiweka mapajani.

"Sasa mwanangu," akasema, "siku ile ulinikasirikia nini?"

Akangoja. Mtoto akalia, nami nikashukuru kwa kupata sababu ya kuinuka.