Kahawa ya Kutafuna

Adabu nilijifunza mwenyewe. Baba alifariki nikiwa mdogo, na mama alikuja Bukoba kutoka mkoa mwingine, Kihaya hakukiweza. Katika chumba chetu cha kupanga pale Bilele hapakuwa na wa kunionyesha jinsi mgeni anavyopokewa. Kwenye harusi za watu nilikaa nyuma nikitazama nani anaamkia kwanza, nani anapokea kwa mikono miwili, kisha nyumbani nikarudia mbele ya kioo hadi mama akauliza kama ninaumwa.

Nilipompenda msichana wa kijiji cha Izigo aliyekuwa muuzaji kwenye duka la dawa mjini, nilimfuata kwa adabu hiyohiyo. Kabla ya kumpigia simu nilimtumia ujumbe kuomba ruhusa. Tukitembea kuelekea ziwani nilikaa upande wa magari.

"Gari likija litatugonga wote," alisema. "Sogea huku tuongee."

"Ni heshima tu."

"Baba yangu ni mzee wa kanisa na hana mambo haya. Ukiniomba tena ruhusa ya kunipigia, nakubloku."

Alicheka, nami nikacheka. Nilirudi nyumbani nikiwaza kama nilichelewa kucheka.

Siku moja akaniambia twende kwao nikajitambulishe. Baba yake akinikubali, ningetuma wazee. Asiponikubali, alisema wazi, yeye hatabishana naye. Nikaanza kujiandaa. Jambo nililolishika kuliko yote lilikuwa la akamwani, kahawa yetu ile inayochemshwa na maganda yake, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni huletewa kwenye kikapu kidogo, na mwenye nyumba hutangulia kutafuna ili mgeni ajue haina sumu. Bibi mmoja jirani alinisisitizia nisimtangulie mwenye nyumba, nitaonekana mlafi.

Tulipoingia kwenye uwanja wao, katikati ya migomba, nilizima simu, maana simu kulia mbele ya mkwe ni aibu. Nikaamkia kwa Kihaya changu cha kukariri, nikimwita tata, yaani baba. Mzee alifurahi. Nilimwona akifurahi, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Akasali, msichana akaleta kikapu, akapiga magoti, akarudi jikoni. Mzee akakishika na kuninyooshea.

"Karibu, waitu."

"Asante, tata."

Sikuchukua. Nilisubiri atangulie, naye akasubiri nichukue. Akakisogeza karibu zaidi, nami nikainamisha kichwa kwa heshima zaidi. Ndivyo nilivyo. Nikishika kanuni, simwoni tena mtu aliye mbele yangu.

"Hutafuni kahawa?"

"Natafuna, tata. Nakusubiri utangulie."

Jikoni sauti ya sufuria ilinyamaza. Mzee akachukua punje moja, akaitafuna polepole, akaimeza na maganda yake.

"Sijafa," alisema. "Sasa kula."

Baada ya hapo alinitendea vizuri mno. Alinipa kiti chake na kipande kikubwa cha samaki. Alimwulizia mama afya yake. Alinifungia mkungu wa ndizi, akanisindikiza kwa miguu yake hadi barabara kuu, akasimama pale hadi nikapata gari. Hakunitania hata kidogo, na hakuniuliza wazee wangu ni akina nani.

Ndani ya gari niliwasha simu. Ujumbe wa msichana uliingia mfululizo, wote aliutuma akiwa jikoni. Chukua tu. Baba kakatazwa kahawa, ana presha. Mbona unamfanyia hivyo?

Nilimpigia bila kuomba ruhusa.

"Baba amesemaje?"

"Amesema una adabu sana."

"Na wazee niwatume lini?"

"Nimekwambia alichosema."

"Lakini nilifuata mila yenu."

"Mila yetu, baba yangu akikunyooshea mkono, unapokea," alisema, akakata.

Mama alizipika ndizi zile na maharage. Zilikuwa laini, na hilo liliniudhi zaidi, kwamba mzee hakunipa hata mkungu mbovu wa kumchukia nao.

Juzi nilikwenda lile duka la dawa kumnunulia mama vidonge. Msichana alikuwa ameshaacha kazi. Mwenzake aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba amechumbiwa na kijana mmoja wa hapa mjini, yule aliyekuwa akimwita kwa honi ya pikipiki akiwa ng'ambo ya barabara, hata kushuka hashuki.

"Alipofika Izigo," alisema, "kikapu kilikuwa bado mikononi mwa binti. Yeye kajichotea kahawa kiganja kizima, hata hajakaa. Mzee kacheka mpaka kakohoa."

Nilimshukuru kwa taarifa. Kisha nikapokea chenji yangu, kwa mikono miwili.