Mtani Aliyepanda Pikipiki ya Marehemu

Siku polisi kata alipoitisha mkutano hapa mtaani kwetu Kizota, kuhusu wizi wa pikipiki, nilikaa mbele nimekunja uso. Sipendi kufundishwa na kijana. Alikuwa mpole, mwenye shikamoo nyingi. Alisema wezi wa siku hizi hawana haja ya kuvunja. Wanakuja mchana, wanaingia penye watu, harusini, kanisani, msibani. Akataka kila shughuli iwe na mtu wa kuangalia vyombo vya usafiri vya wageni. Watu wote wakanitazama mimi. Kisa? Mdomo wangu. "Kwa huyu mama hata nzi hapiti bila kuulizwa anakokwenda," akasema mmoja, wakacheka, nami nikapewa kizibao cha njano kinachong'aa. Nikakipenda, sitaki kudanganya.

Haukupita muda, jirani yangu akafariki. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa watu, aliugua siku chache tu. Aliacha mke, watoto watatu na pikipiki moja. Shamba lao la Kongwa mwaka ule halikutoa kitu, mtama ulikauka ungali chini ya goti. Mjane aliniambia, macho yamevimba, kwamba mdogo wake wa kiume atakuja kuiendesha bodaboda, na hicho ndicho watoto watakachokula.

"Dada, niangalizie," akasema.

"Wewe lia, mdogo wangu," nikamjibu. "Getini niko mimi."

Siku ya mazishi nikavaa kizibao juu ya khanga. Pikipiki za wageni nikazipanga ukutani, vijana nikawagombeza, kila aliyetaka kuondoka nikamhoji kama vile namdai mahari. Ya marehemu ilikuwa uani, karibu na kibanda chake cha kazi, imefunikwa shuka kuukuu. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yake, nayo ovaroli ilining'inia msumarini pale alipoiacha mwenyewe. Nani angeigusa nguo ya marehemu siku kama ile?

Mtani, basi. Kwetu Wagogo msiba bila watani haujatimia. Wanyamwezi wakija huwazuii. Watavaa koti la marehemu, watalala njiani jeneza lisipite, watabeba hata sufuria la wali. Wakichukua kitu, unawaacha wamalize vituko vyao, kisha unakikomboa kwa soda au kuku, wanarudisha. Ukikasirika, aibu ni yako. Nimezaliwa nikayakuta hayo, na siku ile nilikuwa na hamu nayo kweli, maana tulikuwa tumelia tangu alfajiri.

Tuliporudi kutoka makaburini, watu wakiwa wananawa mikono, akatokea mmoja kwenye kile kibanda. Amevaa ovaroli ya marehemu nyuma mbele, na ile miwani nyeusi ya kuchomelea imemfunika nusu ya uso. Akaifunua pikipiki, akaipanda, akatangaza, "Nimerithi! Nyie Wagogo pandeni ng'ombe wenu!"

Jamani, watu walicheka! Wazee waliokuwa wamejiinamia tangu jana walishika mbavu. Na mimi mdomo ukaniwasha.

"Wee Mnyamwezi," nikapaza sauti, "tangu lini mpagazi akapanda chombo? Shuka uibebe kichwani!"

Akanipigia saluti. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikamfungulia geti kwa mikono yangu miwili. Akapita akinipungia.

Tukala. Baadaye nikawafuata mafundi wawili wa Kinyamwezi waliokuwa wakifanya kazi na marehemu, wale wale waliolala mbele ya jeneza asubuhi. Nikawauliza, bado natabasamu, "Haya, mwenzenu anataka nini? Soda au kuku?"

"Mwenzetu yupi?"

"Wa pikipiki."

Wakatazamana. "Mama, yule si wetu. Sisi tulijua ni mtani wenu mwingine, ametoka huko kwenu Mpwapwa."

Nilizunguka ua mzima nikiuliza. Ndugu wa mume walidhani amekuja na ndugu wa mke, ndugu wa mke walidhani ni mfanyakazi mwenzake marehemu, wanakwaya hawakudhani chochote, walikuwa wanakula. Wote walikuwa wamemcheka na hakuna hata mmoja aliyemjua.

Polisi kata alifika jua halijazama. Akatoa pole, akaandika namba kutoka kwenye kadi ya pikipiki, akapiga simu kwa wenzake wa njia ya Kongwa na ya Mpwapwa. Kisha akanigeukia, kwa heshima zake zile zile.

"Shikamoo mama. Kufuli imevunjwa?"

"Hapana."

"Ufunguo je?"

"Alikuwa nao."

"Sura yake unaikumbuka?"

"Alivaa miwani."

"Na getini palikuwa na mtu?"

Nilikuwa bado nimevaa kile kizibao. Akakitazama, akainamia daftari lake, asiandike kitu. Heri angenifokea. Nilitamani ardhi ipasuke, wallahi, na mimi ni mtu wa kanisani.

Pikipiki haijaonekana mpaka leo. Yule mdogo wake mjane alikuja, akakaa wiki moja, akarudi kwao kutafuta kibarua. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Siku ile ile, polisi alipoondoka, nilivua kizibao nikaingia ndani kwa mjane. Alikuwa mkekani na wanawake wenzake, mtoto wake mdogo amelala mapajani. Nikapiga magoti, mimi mkubwa mbele ya mdogo, nikaanza kubabaika: nisamehe, sikujua, nilidhani ni utani. Akanishika mkono ninyamaze.

"Mlio wa pikipiki niliusikia, dada," akasema. "Naujua. Nikanyanyuka nitoke nje nikaone. Halafu nikakusikia wewe unacheka, nikakaa."