Mjomba Alivyoziba Seva ya Harusi

Kosa ni langu, nakiri, ila mama ndiye aliyeniponza. Dada yangu alikuwa anaolewa, na mimi, fundi kompyuta pekee katika ukoo, nikajitapa kwamba sizunguki Tabora nzima kuuliza nani anakuja. Nikaandika seva ndogo, yaani programu ya kupokea majibu ya wageni mtandaoni, nikaiwasha kwenye kompyuta yangu pale sebuleni, nikawatumia ndugu na wakwe anwani. Mgeni anafungua ukurasa kwenye simu, anaandika wanakuja wangapi, basi.

Mama akasoma, akasonya. "Unamuuliza mtu mzima anakuja na wangapi hata hujamsalimia? Nani kakulea wewe?"

Haya. Nikaongeza salamu: shikamoo, habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za ng'ombe. Kila moja lazima ijibiwe. Sasa, seva yangu ilikuwa na akili ya mtu mmoja: ikimpokea mgeni haimwachi mpaka amalize, wengine wote wanangoja nje. Sikujali. Jamani, salamu zinachukua muda gani?

Asubuhi kimya. Adhuhuri, hakuna jina hata moja. Saa nane bodaboda ikaingia uani na shangazi wa bwana harusi, kutoka Kitete, kavimba kwa hasira.

"Tangu asubuhi tunabisha kwenye hilo dude lenu, kiduara kinazunguka tu! Kama mmeghairi kutupa binti, semeni, tukatafute kwingine."

Dada, kasukwa nusu kichwa, akaangua kilio palepale.

Nikakimbilia kompyuta. Ndani kulikuwa na mgeni mmoja: mjomba, kaka yake mama, wa Igunga. Kajibu salamu nyingine zote, kakwama kwenye ng'ombe. Nikampigia, wote wanasikia.

"Shikamoo mjomba. Mbona hujibu?"

"Marahaba. Si umeniuliza habari za ng'ombe? Nitasemaje ni wazima na leo sijawaona? Niko njiani naelekea machungani. Nisubiri."

Dawa niliijua. Kila mgeni apewe mtu wake wa kumpokea, kama tunavyofanya nyumbani wageni wakija kwa mpigo: huyu anasalimiwa na baba, yule na mama. Ni mistari michache tu. Lakini kwanza lazima niizime seva, na mjomba akatike.

"Thubutu!" mama akafoka. "Umkatize kaka yangu salamu? Mbele ya wakwe?"

"Mama, harusi inavunjika!"

"Ivunjike."

Dada akazidisha kilio. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Shangazi akamgeukia mama, akavuta kiti.

"Kumbe," akasema taratibu. "Watu wako radhi harusi ivunjike kuliko kumkatiza mtu mzima salamu. Huyu binti simwachi ng'o. Andika hapo: tunakuja arobaini."

"Siwezi, shangazi," nikasema. "Mjomba bado yuko ndani."

Basi akaomba chai, akakaa na sisi kusubiri habari za ng'ombe wa Igunga.