Matangazo ya Bendi ya Stoo

Nimeyapanga matangazo haya sakafuni, nikayapangua, nikayapanga tena. Yamebaki manne. Niliyaandika mimi kwa kalamu nene, nyuma ya kalenda zilizopitwa na mwaka, kwa kuwa nyumbani kwetu Maguu mwandiko wangu ndio uliosomeka kwa mbali. Juu neno DANSI, chini yake gitaa nililolichora likafanana na mwiko, halafu: "Mahali: unapajua." Asiyepajua hakuwa wetu.

Bendi ilikuwa ya kaka yangu na wenzake wawili, lakini gitaa lilikuwa la kwaya ya kigango. Hapo ndipo palipokuwa na kesi. Baba alikuwa mwenyekiti wa kigango, na ikijulikana kwamba gitaa la kanisa linapiga dansi, lingechukuliwa siku hiyohiyo. Kaka alikwisha kuapa kwamba likichukuliwa, naye anaondoka na harudi. Nilimwamini. Hata kwenye kiti alikaa upandeupande, kama mtu anayesubiri basi la Songea.

Siri yao ilikuwa mashine ya kumenya kahawa. Msimu mzima baba aliizungusha kwa mkono kila alasiri nyuma ya nyumba, na kelele yake ilimeza kila kitu. Mashine ikianza, nao stooni wanaanza. Ikinyamaza, kimya. Walijifunza kumaliza wimbo kabla debe la kahawa halijaisha, ndiyo maana nyimbo zao zote zilikuwa fupi na za haraka.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakapanda na pikapu mpaka shambani, wakachukua kahawa ikiwa mbivu, na maganda yake. Baba akauza yote. Mashine ikanyamaza, na dansi tulilolitangaza, la Mbaha kule ziwani, lilikuwa limekaribia. Niliwachukia wale wanunuzi kana kwamba wameniibia mimi. Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilizungukazunguka uani bila kazi.

Alasiri moja akaja katekista, tangazo langu mkononi. Alikuwa amelibandua ukutani kule Kitai, na uji wa muhogo tuliofanya gundi ulikuwa bado umeganda nyuma yake.

"Mwenyekiti, huu mwandiko wa nani?"

Nilimwamkia shikamoo. Na papo hapo, stooni, mpumbavu mmoja akagonga ngoma.

Baba akainuka. Hakwenda stoo. Alikwenda kwenye mashine akaanza kuizungusha, tupu, chuma kikisaga chuma, kelele mbaya kuliko ya kahawa yoyote.

"Mwenyekiti, unamenya nini?" katekista akapaza sauti.

"Naizungusha isishike kutu!"

"Na huu mwandiko?"

"Sikusikii, Katekista!"

Katekista alingoja, akachoka, akaaga kwa kupunga mkono. Tangazo aliliacha kitini; ndilo hili lenye kona iliyochanika. Baba aliendelea kuzungusha hata mgeni alipokwisha kupotelea mteremkoni, na nyuma ya kelele ile gitaa lilikuwa limeanza. Nilitaka kucheka, nikajikuta ninalia.

Akaniita kwa kichwa, jasho likimdondoka kidevuni.

"Kamwambie kaka yako amalize huo wimbo," alisema. "Mkono wangu umechoka."